Vijana wa visiwani na mitihani ya maisha: nguvu ya kustahimili hutoka wapi?

Mwanzisha uzi, Unguja

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko nje ya nchi.

Kila ninapokaa na wazazi, iwe barazani au skuli, nasikia lalamiko moja: vijana wa leo ni laini, na mtihani mdogo ukiwafika wanaanguka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Unguja, na kwa miaka mingi nimepewa jukumu la malezi na ushauri nasaha. Wanafunzi wangu hunirudia hata baada ya kumaliza, wakiwa na miaka ishirini na kitu, na ndio hao ninaotaka tuwazungumze. Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kuipinga aanze mara moja. Nguvu ya kustahimili haimo kifuani mwa kijana peke yake. Hujengwa na watu waliomzunguka, na shughuli inayompa matunda hata yakiwa madogo, na mahali pa kusemea yaliyomo moyoni. Tunapomwambia "subiri" kisha tukaondoka, tunamwachia kazi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifanya peke yake.

Tuitazame mitihani yenyewe, maana tumezoea kuisema kwa jumla mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, sehemu kubwa wakiwa watoto na vijana, nao wanaingia katika uchumi unaotegemea mambo machache: ajira za serikali, utalii, biashara ndogo ndogo, bahari na karafuu. Kijana aliyetoka Micheweni kuja kutafuta maisha mjini huanza kwa kulala chumba kimoja na wenzake huko Mwanakwerekwe au Jang'ombe, akabahatika kupata kazi ya hoteli pwani ya mashariki, na masika yakiingia, wageni wakapungua, akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Nyumbani kwenyewe ni wapi? Kwa mama yake Pemba anaona haya kurudi mikono mitupu, na mwenye chumba hangoji msimu. Mwenzake amemaliza chuo kikuu Tunguu, ana deni la mkopo wa elimu, na anajitolea ofisini akitarajia kwamba siku moja kujitolea huko kutageuka ajira. Binti wa umri huo huo amerudi kwao na mtoto mkononi baada ya talaka, na kila anayepita anamtazama kwanza yeye, kisha mtoto. Wote watatu wana simu, na ndani ya simu hiyo wenzao waliokaa nao darasa moja wanaonekana wako Muscat au Dubai, wamependeza, hawana dhiki.

Kisha kuna misiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile sasa ni mtu mzima. Nimekaa na baadhi yao, na walilolisimulia kwa kirefu zaidi ni miezi iliyofuata, kuliko hata usiku wenyewe. Watu walijaa nyumbani siku za matanga, khitma ikasomwa, vyakula vikaletwa, halafu kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, kama ilivyo ada. Yule aliyepata mjomba mmoja aliyeendelea kupita baada ya sala ya Ijumaa kuuliza habari za skuli, mwaka baada ya mwaka, ametengenea kwa namna ambayo aliyekosa mtu wa aina hiyo imemchukua muda mrefu sana kuifikia.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu, tena kisiwani. Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kisiwa cha mashamba ya miwa na mananasi, mpaka watoto hao wakafikia umri wa miaka 40. Karibu thuluthi moja yao walizaliwa katika dhiki kubwa: umasikini, ugomvi nyumbani, mzazi mgonjwa wa akili au mlevi. Katika hao wa dhiki, wawili kati ya kila watatu walipata matatizo ya masomo, ya tabia au ya afya ya akili kabla ya kutimiza miaka 18, lakini mmoja kati ya watatu alikua akawa mtu mzima mwenye kujiamini na kujali wenziwe. Werner alipotafuta kilichowatofautisha, mojawapo ya mambo aliyoyakuta ni kwamba waliosimama walikuwa na angalau mtu mmoja aliyeshikamana nao bila masharti, naye mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, au shangazi, au mwalimu, au kiongozi wa dini. Utafiti huo una sehemu ya pili ambayo ni wachache wanaoitaja, nami naiona kuwa ndiyo yenye bishara kubwa zaidi kwa umri tunaouzungumza: wengi katika wale waliokwama ujanani walikuwa wamekaa sawa walipofika miaka thelathini na arubaini, kwa sababu walifunguliwa mlango wa pili, kama vile masomo ya watu wazima, jeshi, ndoa yenye utulivu au jamaa ya ibada iliyowapokea. Kwa hiyo mzazi anayesema "huyu ameshaharibika" juu ya kijana wa miaka 22 anafunga hesabu mapema mno.

Sasa tujiulize, huyo mtu mmoja kwetu sisi yuko wapi? Mtoto wa miaka kumi anaye. Ana bibi, ana mwalimu wa chuo cha Qur'ani anayemjua mpaka babu yake, ana jirani mwenye ruhusa ya kumkanya. Akifika ishirini, hasa akiwa wa kiume, mafungamano hayo hukatika moja moja bila ya mtu kuamua yakatike. Hupewa chumba cha nje. Chakula chake hufunikwa kawa, akaja kukila peke yake usiku wenziwe wameshalala. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi, kwa kuwa ameshakuwa mtu mzima. Kwenye maskani, yaani kijiweni, ana wenzake, nami si katika wanaozidharau maskani, kwani nimeona vijana wakichangiana hapo kodi ya chumba na nauli ya boti wakati ndugu wa damu hawana habari. Lakini maskani ya watu wa rika moja, wote wamekwama mahali pamoja, inakosa mtu wa kusema, "Mimi nilipita hapo ulipo, na nilitoka hivi."

La pili ni shughuli. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionesha kwamba mnyama aliyepatishwa maumivu asiyoweza kuyazuia kwa lolote alilofanya, baadaye hukaa tu akavumilia hata pale njia ya kutokea inapokuwa wazi mbele yake. Kwa miaka mingi wataalamu wakafahamu kwamba kukata tamaa ni kitu ambacho kiumbe hujifunza. Mwaka 2016 wao wenyewe waliandika upya maelezo hayo kwa kutazama utendaji wa ubongo: mateso yakirefuka, kulegea na kunyamaza huja kwenyewe, na kinachofunzwa ni kinyume chake, yaani kutambua kwamba ninalolifanya linabadilisha kitu. Mfikirie kijana anayepeleka maombi ya kazi ofisi baada ya ofisi na hajibiwi hata barua ya kukataliwa. Kila siku anasomeshwa kwamba afanye asifanye ni mamoja. Huyo hatibiwi na hotuba. Anahitaji jambo dogo ambalo akilifanya asubuhi, jioni ataliona limefanyika.

Nadhani Pemba ndiko ninakoona mambo yote matatu, watu, shughuli na mahali pa kusemea, yakikaa pamoja, na sijui kama wenyewe tunatambua tulichonacho. Msimu wa karafuu, watu wakisharudi shamba na magunia, hukaa usiku ukumbini au uani kuchambua. Rundo liko katikati, taa imewekwa mahali pa juu, bibi, mama, mabinti na vijana wamelizunguka. Kila mmoja anachukua kichala, anakipitisha kiganjani, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo yanatupwa upande ule. Mikono ina kazi na macho yako chini, na ndiyo sababu ndimi hufunguka. Nimesikia pale kijana akimweleza bibi yake kwamba amefukuzwa kazi, jambo ambalo hakuweza kumwambia baba yake uso kwa uso. Bibi hakuinua kichwa. Alimuuliza anadaiwa kiasi gani, na nani, na yupi katika wanaomdai anaweza kungoja. Kabla rundo halijaisha walikuwa wameshakubaliana alipwe nani kwanza kutokana na pishi za karafuu atakazochuma yeye mwenyewe wiki ile.

Zimbabwe wameligeuza jambo la namna hiyo kuwa huduma ya afya. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, kuanzia mwaka 2006, aliwafundisha mabibi wa Harare namna ya kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, kumsaidia kuyataja matatizo yake, kisha kuchagua moja tu na kulipangia hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika kliniki 24 na kuwahusisha watu 573, ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabibi wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wazima wa mtaa ule ule, wenye heshima na muda. Tazama alichokifanya bibi wa karafuu: alisikiliza, akachambua madeni, akachagua moja.

Najua wapo watakaosema kwamba dini imeshatupa jibu, nalo ni subira. Sina ugomvi na hilo hata chembe, ila naomba tuzisome habari za wenye kusubiri kwa ukamilifu wake. Nabii Yaaqub, ambaye subira yake imesifiwa, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na mwaka aliowapoteza Bibi Khadija na ami yake Abu Talib umebaki katika historia kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Kijana wa kiume anayeambiwa kwamba kulia kwake ni upungufu wa imani anabebeshwa mzigo ambao dini yenyewe haikumbebesha.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji, Wete

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote na ninakuheshimu, lakini nina wasiwasi na mwelekeo wa mazungumzo haya. Nina shahada, nimepitia JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), nimejitolea mpaka nimechoka, na sasa nachuma karafuu za watu wakati wa msimu na nje ya msimu navua. Mimi si mgonjwa wa mawazo. Mimi sina ajira. Nachelea kwamba tukianza kusema ustahimilivu, ustahimilivu, wenye dhamana ya kutafuta ajira watapumua, kwa sababu tatizo litakuwa limehamishwa kutoka kwao likawekwa kichwani mwangu. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama mwezi wa Aprili na hoteli zikafungwa, ndugu zangu watatu walirudi Pemba kwa mpigo mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyekosa moyo. Walikosa mshahara.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na umesema kweli tupu. Ustahimilivu ukigeuzwa kuwa kisingizio cha kumwachia kijana dhiki yake, basi heri neno hilo lisitumike kabisa. Ann Masten wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto waliolelewa katika shida, aliandika mwaka 2001 kwamba ustahimilivu hutokana na mambo ya kawaida kabisa yanapofanya kazi vizuri: familia, skuli, akili inayopata nafasi ya kujifunza, imani kwamba jitihada ina faida. Ukiyatazama hayo, ajira na elimu zimo ndani yake. Katika milango ya pili ya Kauai yalikuwemo masomo na kazi halisi kama ya jeshi, na maneno matupu hayakuwemo. Anayeufungia kijana mlango huo amemnyang'anya sehemu ya nguvu zake, na hilo linafaa kusemwa mbele ya wenye dhamana kwa jina lake.

Lakini naomba tusikubali kungoja. Ndugu zako watatu waliorudi mwaka 2020 walifikia nyumba moja, wakala sahani moja, na nadhani mlivua pamoja. Mshahara hamkuwa nao nyote, lakini hamkuongezewa upweke juu yake. Wapo waliobaki Unguja mwaka ule ule katika chumba cha kupanga, hawana mshahara na hawana mtu, na hao ndio waliokuja kwangu wakiwa hawalali. Umasikini ulikuwa mmoja, ila mzigo haukuwa na uzito mmoja.

Mchangiaji, Wete

Hapo tumekutana, Mwalimu. Tulivua pamoja, ni kweli.

Mchangiaji, Kusini Unguja

Mimi ni yule binti uliyemtaja, ingawa hatujuani. Nilirudi kwetu nikiwa na miaka 23, mtoto hajaanza kutembea. Nataka kueleza kilichonisimamisha, kwa kuwa wanawake wengi wanaosoma hapa wako mahali nilipokuwa.

Kulikuwa na maneno mengi, na mengi yalikuwa ya upole: ndiyo ndoa zilivyo, Mungu atakupa bora, wewe bado mdogo. Sikatai kwamba walinitakia heri. Lakini kila neno la namna hiyo lilikuwa linafunga mazungumzo kabla sijafungua mdomo. Shangazi yangu hakusema lolote katika hayo. Eda ilipokwisha aliniamsha asubuhi moja wakati wa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, akanipa kamba na kusema leo mwenzake anaumwa na mistari yake miwili haina mtu. Anapanda mwani tangu mama yangu alipokuwa msichana. Nilikwenda kwa kumuonea haya tu. Tuliinama kwenye maji ya magotini, tukifunga vijiti vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, na jua lilipochoma na mgongo kuuma nikagundua kwamba kwa muda mrefu asubuhi ile sikuwa nimemfikiria mtu yule tuliyeachana.

Sitaki kupamba. Mwani una bei ndogo, na maji yamekuwa ya moto kiasi kwamba aina yenye bei nzuri hufa pwani kwetu. Kilichonibadilisha ni kwamba kamba niliyoifunga mimi ilikuwa inaonekana. Nilipokwenda kuitazama wiki ya pili mwani wake ulikuwa umenenepa. Kisha wale wanawake wakaniingiza kwenye kikundi chao cha hisa, na nilipokopa mara ya kwanza nikanunua vifaa vya kutengenezea sabuni. Kuhusu talaka yangu nilizungumza nao baada ya miezi kadhaa, siku ambayo mmoja wao alisimulia ya kwake bila kuulizwa. Ndugu wa kiume mlioko hapa, mkiwa na dada aliyerudi nyumbani, mtafutieni pa kukaa na wanawake waliopita njia hiyo, na msimharakishie mume mwengine kwa kudhani hiyo ndiyo dawa.

Mchangiaji, Chake Chake (muuguzi)

Nawashukuru wote. Nataka kuongeza mpaka wa mazungumzo haya, kwa sababu nauona kila siku kazini: yapo mambo ambayo bibi wa karafuu na shangazi wa mwani hawayatoshi, na kuchelewa kutafuta tiba kuna madhara.

Huzuni ni ya binadamu wote. Mtu akifiwa au akiachwa, kukosa usingizi na hamu ya chakula kwa siku kadhaa ni jambo la kawaida, na wengi huinuka wenyewe kwa msaada wa watu wao. George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyechunguza wafiwa, ameonesha tangu mwaka 2004 kwamba wengi hubaki wakiendesha maisha yao, na kwamba asiyelia sana si lazima awe anaficha ugonjwa, tusimlazimishe. Lakini mtu akipita wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, moyo umekufa ganzi, hapati raha kwa alivyovipenda, usingizi umeharibika, anajiona hana thamani, hawezi kazi wala kuoga, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni maradhi yenye tiba ya mazungumzo na ya dawa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba thuluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Kijana wa miaka 25 anayeletwa kwetu mara nyingi amekuwa akiugua tangu yuko skuli, akiitwa mvivu.

Kuhusu kusomewa, sina neno baya. Mgonjwa akisomewa Qur'ani hupata utulivu, na jamaa zake hupata matumaini. Ninachokiomba ni kwamba kusomewa na hospitali viende pamoja, na asifungwe kamba, asipigwe, wala asinyimwe chakula kwa hoja kwamba anayeumia ni shetani. Anayeumia ni yeye. Na Kidongo Chekundu, ambako wengi tunakutaja kwa kunong'ona, ni hospitali ya magonjwa ya akili; watu huingia wakatibiwa wakatoka, wakarudi kazini. Wanaotaka kuacha unga nao hupata huduma ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, huko huko. Kijana aliyeingia kwenye unga baada ya kupoteza kazi hahitaji kuambiwa kwamba ameshindwa kustahimili. Anahitaji kupelekwa, na mtu wa kumsindikiza.

La mwisho ni zito. Kijana akisema kwamba haoni haja ya kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii fikra hiyo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kusema. Msimwache peke yake, viondoeni karibu yake vitu vya kumdhuru, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aibu ya familia tutaizungumza baadaye.

Mchangiaji, Mjini Magharibi

Assalamu alaykum. Mwalimu, na wewe dada muuguzi, naomba msaada kwa jambo mahususi. Kaka yangu ana miaka 26. Alikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya kaskazini, na mkataba wake haukuendelezwa. Ni mwezi sasa. Analala mpaka adhuhuri, usiku yuko kwenye simu, maskani haendi tena, na baba akimsemesha anajibu kwa ukali au anatoka. Anakula, na anaswali japo chumbani. Hajasema lolote la kutaka kujidhuru. Baba anataka kumpa muda wa kuhama. Mimi ni mdogo wake wa kike, nina miaka 21, na sijui nianzie wapi bila kumvunjia heshima.

Mchangiaji, Chake Chake (muuguzi)

Mdogo wangu, mwezi mzima wa hali hiyo unatosha kumpeleka kituo cha afya kilicho karibu akazungumze na mhudumu, hata kama anakula na anaswali. Kama hatakubali sasa, fuata ushauri atakaokupa Mwalimu huku unamwangalia usingizi wake. Ukiona chakula nacho kinakatika, au anataja kufa hata kwa mzaha, usingoje kukubali kwake. Mwite mtu mzima nyumbani mara moja.

Mwanzisha uzi

Waalaykumu salaam, mwanangu. Usianze kwa kumuuliza ana nini, kwa sababu swali hilo ameshaulizwa na baba kwa hasira na hana jibu lake. Muombe kitu ambacho wewe unakihitaji kwa kweli. Yeye ni mpishi. Kama nyumbani mnapika vitafunio vya kuuza, au kuna shughuli ya ndugu inakuja, mwambie kwamba umeshindwa kukadiria viungo na unataka akuelekeze, kisha umfuate jikoni na ukae naye mkikatakata na kumenya. Akinyamaza, nyamaza naye. Akianza kusema habari za hoteli, usimkatize kwa kumpa matumaini. Muulize iliendelea vipi.

Kwa baba, usiende wewe. Mtafute mtu ambaye baba anamsikiliza na kaka yako hamuogopi, kwa kawaida huwa ni ami au mjomba, umueleze haya aliyoyaandika muuguzi kuhusu wiki mbili, na umuombe amzuie baba na lile suala la kuhama. Kijana akitolewa nyumbani katika hali hiyo, yule mtu mmoja tunayemzungumza tangu mwanzo wa uzi huu atakuwa hana tena pa kumkuta. Na huyo ami, akishamaliza na baba, apite kwa kaka yako bila agenda ya kazi, ampitie waende wakaswali Ijumaa pamoja, arudie wiki inayofuata na ile nyingine. Habari za kazi zije pale atakapozianzisha mwenyewe, na hapo aulizwe swali la bibi wa Pemba: anadaiwa kiasi gani, na nani, na yupi anaweza kungoja.

Anza na jikoni kesho au keshokutwa, kisha niandikie hapa ameitika vipi, maana namna ya kumwendea ami inategemea hilo.